Mashindano ya maikrowevu ukiwa kilimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanaredio wa ridhaa mwenye leseni na kolsaini (jina lake la hewani), aliyekwisha kuzoea VHF (bendi za chini kama MHz 144), na sasa anataka kupanda kilima na dishi. Mifano mingi ni ya bendi ya 10 GHz kwa sababu ndiyo yenye watu na vifaa vingi. Ukiimudu hiyo, 5.7 na 24 GHz hazitakupiga chenga.

Shindano lenyewe likoje?

Unakwenda mahali palipoinuka, unasimamisha stesheni ya betri, na ndani ya saa zilizopangwa unawasiliana na stesheni nyingi uwezavyo, hasa zilizo mbali. Pointi kwa kawaida huhesabiwa kwa umbali: kilomita 1, pointi 1.

Kanuni hazifanani, na tofauti zake hubadilisha mpango mzima wa siku. Shindano la UHF na maikrowevu la IARU (muungano wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa) Kanda ya 1 huanza saa 14:00 UTC Jumamosi ya wikendi kamili ya kwanza ya Oktoba na kuisha saa 14:00 UTC Jumapili. Kila upande hutoa ripoti ya usikivu, namba ya mfululizo kuanzia 001 na lokata ya alama sita (msimbo wa herufi na namba unaotaja mraba ulipo kwenye ramani). Hapo anayefaidi ni yule aliyetulia juu ya mlima mmoja mzuri. Shindano la ARRL (chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani) la 10 GHz na bendi za juu yake lina wikendi mbili, moja Agosti na nyingine Septemba. Juu ya pointi za umbali kuna 100 za ziada kwa kila kolsaini mpya katika kila bendi, na ukihama kilomita 16 au zaidi unaruhusiwa kuwasiliana upya na wale wale. Hapo gari lililopangwa vizuri linaweza kuushinda mlima mrefu.

Nina wati 2 tu. Zitafika wapi?

Mbali kuliko unavyodhani. Chukua kilomita 100 za njia wazi kwenye 10368 MHz: anga pekee humeza takriban desibeli 153. Wati 2 ni dBm 33 (desibeli 33 juu ya milliwati 1). Dishi la sentimita 60 huongeza karibu desibeli 34, na mwenzako ana lake kama hilo. Jumlisha, toa, na kwa mwenzako inafika dBm -52. Kelele ya mpokezi mzuri ndani ya upana wa SSB (sauti ya ukanda mmoja, kama kHz 2.5) iko karibu na dBm -138. Yaani umebakiwa na zaidi ya desibeli 80 za ziada.

Basi kwa nini watu hukosana? Kwa sababu ya mambo matatu: vizuizi njiani, dishi lisiloelekea panapotakiwa, na masafa yasiyojulikana sawasawa. Mwale wa dishi la sentimita 60 kwenye 10 GHz una upana wa takriban nyuzi 3.4. Ukiwa na shaka ya nyuzi 20 unayo nafasi sita za kutafuta. Mwenzako naye ana sita. Kila mmoja asipokuwa na uhakika wa masafa ndani ya kHz 50, kuna vipande ishirini vya upana wa SSB. Sita mara sita mara ishirini ni 720. Rekebisha masafa na zinabaki 36. Rekebisha na uelekeo, inabaki moja. Fedha ya amplifaya itumie kwanza hapo.

Nichague kilima gani?

Upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita. Mita 400 juu ya uwanda zinakupa kilomita 82. Stesheni mbili za kimo hicho zinaonana kwa kilomita 165. Kwenye njia ya kilomita 100, mviringo wa dunia katikati ya njia huinuka karibu mita 147, na mwale wenyewe unahitaji uwazi wa mita 27 hivi kuuzunguka. Chora mkato wa ardhi kwa programu ya ramani kabla hujaondoka, kwa kila stesheni unayoitarajia.

Kimo si kila kitu. Kilima cha mita 250 kilicho wazi pande tatu ni bora kuliko kilele cha mita 900 chenye msitu. Majani, hasa yaliyolowa, huua 10 GHz bila huruma, na mti mmoja ulio mita 30 mbele yako unatosha kukufungia upande mzima. Dawa yake mara nyingi ni kusogeza tripodi mita tano. Epuka pia kufunga stesheni chini ya minara ya mawasiliano, maana mitambo yake inaweza kuujaza mpokezi wako kelele. Na ruhusa ya mwenye ardhi iombwe mapema, si asubuhi ya shindano.

Nibebe nini?

Kwa bendi moja ya 10 GHz:

- dishi la sentimita 45 hadi 90 na fidi yake, yaani antena ndogo inayolilisha (kwa mtu anayeanza, 60 ni kipimo kizuri);
- transveta (kifaa cha kuhamisha ishara kutoka bendi moja kwenda nyingine) ya MHz 144 au 432 kwenda 10368, pamoja na sikwensa (kipanga mfuatano) na rilei (swichi ya umeme);
- redio ya masafa ya kati (ile ya 144 au 432 inayounganishwa na transveta) yenye SSB na Morse, kwa mfano Yaesu FT-817, ikiwa imepunguzwa nguvu;
- chanzo cha MHz 10 kilichofungwa na GPS, au angalau osileta (kizalisha masafa) ya kristali yenye tanuri;
- tripodi nzito ya wapimaji ardhi, yenye sahani ya nyuzi 360;
- redio ya pili ya kuongelea na wenzako, na antena yake;
- betri, fyuzi za akiba, spana ya milimita 8, kebo ya SMA ya akiba, gundi ya utepe, kofia na maji.

Spana hiyo usiichukulie kama pambo. Kiunganishi cha SMA kilichokazwa kwa vidole hulegea kwa mtikisiko wa gari, na kikilegea unapoteza desibeli kadhaa bila kuona dalili yoyote kwa macho. Vya shaba nyeupe hukazwa takriban Nm 0.5, vya chuma cha pua karibu Nm 1. Zungusha nati pekee. Ukizungusha kebo unasaga pini ya katikati.

Kwa nini transveta ifungwe nyuma ya dishi na isikae garini?

Kwa sababu ya kebo. Ile ngumu ya aina ya RG-402 hupoteza karibu desibeli 1.5 kwa kila mita kwenye 10 GHz, na kebo laini za kawaida ni mbaya zaidi. Mita tatu za kebo zinakula zaidi ya nusu ya nguvu zako, halafu zinaharibu usikivu kwa kiasi kile kile. Ishara ya MHz 144 ndiyo iteremke kwa kebo ndefu. Ya 10 GHz isafiri sentimita chache tu, au ndani ya bomba la wimbi (mfereji wa chuma unaopitisha mawimbi).

Dishi langu ni la ofseti (fidi yake iko pembeni, si katikati), nimelisimamisha wima, na sisikii mtu. Kuna nini?

Unaangalia mawinguni. Dishi la ofseti lililosimama wima hutazama juu kwa nyuzi 20 hadi 25, kutegemea lilivyotengenezwa. Ili mwale ulale kwenye upeo, uso wa dishi lazima uiname mbele hadi lionekane kama linatazama chini. Pima pembe hiyo nyumbani kwa kutafuta bikoni (kirushi kinachotoa mlio muda wote) au stesheni unayoijua, kisha weka alama ya rangi kwenye bawaba. Dishi la fidi ya katikati halina kitendawili hiki, ila fidi yake huziba kidogo njia.

Mawimbi yawe wima au mlalo?

Mlalo. Ndio utaratibu wa kawaida wa SSB na Morse kwenye bendi hizi. Mmoja akiwa wima na mwingine mlalo, desibeli 20 au zaidi hupotea. Kosa la kawaida liko kwenye bomba la wimbi la mstatili: uga wa umeme hukaa sambamba na upande *mfupi*, kwa hiyo kwa mlalo upande mpana ndio unaosimama. Ukilitazama linaonekana limegeuzwa, na wengi "hulisahihisha" wakaliharibu.

Nitajuaje uelekeo sahihi?

Dira peke yake usiiamini. Chuma cha gari huivuta, na tripodi ya chuma pia. Simama mita kadhaa kando. Halafu kuna tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, ambayo mahali pengine hupita nyuzi 10. Kumbuka mwale wako ni nyuzi 3.4 tu.

Jua ni mwalimu bora. Programu yoyote ya kukokotoa mahali pa jua itakupa uelekeo wake kwa dakika uliyopo. Kwa dishi la fidi ya katikati, geuza mpaka kivuli cha fidi kianguke katikati ya dishi, kisha seti sahani ya nyuzi ilingane na namba uliyopewa. Fanya hivyo asubuhi au alasiri. Jua likiwa karibu na utosi, uelekeo wake hubadilika haraka mno na kosa dogo linakuwa kubwa. Dishi linalong'aa kama kioo usiliache likitazama jua, kwa maana litaikusanyia fidi joto la kuyeyusha plastiki.

Pakiwa na mawingu, tumia mnara au kilele unachokiona na kilichopo kwenye ramani: pima uelekeo wake kwenye ramani, lenga, seti sahani. Baada ya hapo mtu asiguse miguu ya tripodi.

Usahihi wa masafa unahitajika kiasi gani?

Kosa la sehemu moja kwa milioni kwenye 10368 MHz ni kHz 10.4. Kristali ya kawaida yenye fidia ya joto, ya sehemu 2.5 kwa milioni, inaweza kukupeleka kHz 26 pembeni, na sanduku likipigwa na jua huendelea kutembea. Ukiwa na chanzo cha GPS unakuwa ndani ya hertz chache na hilo swali linafutika. Osileta ya tanuri iwashwe angalau nusu saa kabla. GPS nayo ipewe muda wa kufunga huku ikiona anga wazi. Funika transveta kwa kitambaa cheupe. Hakikisha pia redio ya masafa ya kati yenyewe iko sahihi: kHz 1 ya kosa kwenye 144 inahamia 10368 kama kHz 1 ile ile.

Nitaipimaje stesheni kabla ya kuondoka?

Zidisha 144 mara 72: unapata 10368. Ndiyo maana chanzo kidogo cha MHz 144 chenye dayodi kwenye ncha yake hutoa hamoniki ya 72 ndani ya bendi yako. Hata kristali ya MHz 108 inafaa (108 × 96). Kiweke mita 20 mbele ya dishi, tafuta mlio, na hapo hapo unapima usikivu, masafa na upana wa mwale. Ila kama masafa yako ya kati ni 144, chagua chanzo cha 108 au 432, maana la sivyo hutajua unasikia hamoniki au uvujaji.

Kipimo cha pili hakihitaji chanzo. Elekeza dishi kwenye anga tupu, kisha kwenye ardhi au ukuta. Mpokezi mzima huonyesha kelele ikipanda desibeli 4 hadi 5. Ikipanda moja au isipande kabisa, tatizo liko kati ya fidi na amplifaya ya kwanza.

Ni kosa gani linaloua vifaa zaidi?

Nguvu nyingi kupita kiasi kuingia kwenye transveta. Nyingi huvumilia wati moja hadi tatu, nyingine milliwati tu, na redio iliyosahauliwa kwenye wati 5 huchoma mikisa (kichanganya masafa) kwa bonyezo moja. Weka kipunguza nguvu cha kudumu cha desibeli 10 kati ya redio na transveta, kisha rekebisha mpangilio wa ndani ufanane nacho. Wati 5 zikipita hapo zinabaki nusu wati.

La pili ni mfuatano. Ukibonyeza, rilei igeuke kwanza, zipite milisekunde 20 hadi 50, ndipo amplifaya iwake. Ukiachia, amplifaya izime kwanza. Mpango ukiwa kinyume, nguvu hurudi kwenye mpokezi na kuuua. Rilei nyingi za SMA zinataka volti 24 hadi 28, hivyo hulishwa na kigeuza volti. Betri ikishuka, kigeuza hushindwa na rilei hubaki katikati. Sikiliza mlio wake wa "tak" kila mara unapobonyeza.

Betri ya ukubwa gani?

Hesabu kwa saa. Stesheni ya wati 2 inayotumia ampea 1.5 ikisikiliza na 4 ikirusha, kwa saa 8 ambazo robo yake unarusha: 6 × 1.5 jumlisha 2 × 4, ni ampea-saa 17. Chukua ya 30 ya lithiamu-fosfeti. Amplifaya ya wati 8 hadi 10 huongeza ampea kadhaa wakati wa kurusha. Waya usiwe mwembamba: mita 5 za waya wa mm² 1.5, kwenda na kurudi, ampea 7 zikipita, hudondosha karibu volti 0.8. Fyuzi ikae kwenye ncha ya betri.

Tunakutana vipi na mwenzangu hewani?

Kwa utaratibu huu:

1. Kwenye redio ya kuongelea, au gumzo la intaneti pale kanuni zinaporuhusu, badilishaneni lokata, mkubaliane masafa, kwa mfano 10368.100, na nani anaanza.
2. Kila mmoja akokotoe uelekeo na kulenga. Usikadirie kwa macho.
3. Wa kwanza arushe mlio usiokatika, au nukta za Morse, kwa dakika nzima.
4. Wa pili atembeze dishi polepole kwa hatua za nyuzi 1.5, upande mmoja kisha wa pili, akitazama mchoro wa masafa kwenye kioo. Macho huona mstari hafifu kabla masikio hayajausikia.
5. Akishapata kilele, asiguse tena dishi. Arushe yeye, na wa kwanza atafute kilele chake.
6. Ndipo mpeane ripoti na lokata.

Mwinuko nao utafutwe, hasa ukiwa juu sana na mwenzako yuko bondeni. Watu wengi huzungusha kushoto na kulia kutwa nzima bila kuinua dishi hata nyuzi moja.

Je, lokata inaweza kutolewa kwenye redio ya kuongelea?

Kupanga miadi, ndiyo. Lakini yale yanayohesabiwa kwenye shindano, yaani kolsaini, ripoti, namba na lokata, lazima yapokelewe kwenye bendi ya maikrowevu yenyewe. Ukipata nusu, usikamilishiwe pembeni. Omba irudiwe pale pale. Uaminifu huu ndio unaozipa kilomita zako thamani.

Jambo moja la kiufundi: ikiwa masafa yako ya kati ni 144 na unaongelea kwenye 144 pia, redio yako mwenyewe itavujia kwenye transveta. Ongelea kwenye 432, au kinyume chake.

Mvua ikianza kunyesha nifunge virago?

Kama ni mvua ya mbali, huo ndio wakati wa neema. Wingu zito la mvua hutawanya 5.7 na 10 GHz kama kioo kilichovunjika. Nyote wawili mnaelekeza dishi kwenye wingu lile lile, si kwa mwenzako, na mnawasiliana juu ya milima iliyokuwa imewafungia. Mvua iliyo kimo cha kilomita 8 huonekana hata ukiwa kilomita 350 kutoka kwayo, hivyo njia ya mamia ya kilomita inafunguka. Sauti huja imechakaa, kama mnong'ono. SSB mara nyingi haieleweki. Tumia Morse huku ukiacha kichujio kipana, au FM ishara ikiwa kubwa.

Mvua ikiwa juu yako ni habari nyingine. Funika mdomo wa fidi kwa plastiki nyembamba kavu, maana maji kwenye mdomo huo huzima kila kitu. Na ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya umeme na ngurumo, shuka uingie garini au ndani ya jengo na usirudi hadi zipite dakika 30 bila ngurumo. Tripodi juu ya kilele ni fimbo ya radi.

24 GHz inatofautiana nini?

Mwale unakuwa mwembamba (dishi la sentimita 60 hutoa nyuzi 1.5), na unyevu wa hewa unameza, kwa sababu mvuke wa maji una kilele chake cha ufyonzaji kwenye 22.2 GHz. Siku kavu na ya baridi huzaa kilomita nyingi kuliko siku ya joto la unyevu. Pataneni kwanza kwenye 10 GHz, kazeni dishi, kisha mpande.

Njia za kidijitali zinafaa?

Zinafaa pale ishara ni hafifu. Q65 ndani ya programu ya WSJT-X ilibuniwa kwa njia za kutawanyika na ina upana kadhaa wa kuchagua. FT8, njia nyingine ya programu hiyo, ina milio ya karibu mno kwa ishara inayotanuka au kutembea. Saa ya kompyuta iwe sahihi ndani ya sekunde moja. Kilimani pasipo mtandao, ichukue kutoka GPS. Lakini kanuni za shindano zisomwe kwanza.

Kuna hatari gani ya mawimbi yenyewe?

Wati 10 ndani ya dishi la sentimita 60 zinaweza kufikia takriban wati 140 kwa mita ya mraba mbele yake. Kikomo cha ICNIRP (tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ioni) kwa umma ni 10. Hata wati 2 huzidi kikomo hicho mbele ya dishi. Kwa hiyo zungushia kamba, usipite mbele wakati wa kurusha, na usichungulie kamwe ndani ya fidi au bomba la wimbi bila kuchomoa umeme. Upepo nao haumbembelezi mtu: mita 15 kwa sekunde hulisukuma dishi hilo kwa uzito wa kama kilo 5, kwenye kimo cha kifua. Ning'iniza ndoo ya mawe katikati ya tripodi.

Logi iandikweje?

Saa kwa UTC, bendi, kolsaini, ripoti mbili, namba, lokata ya alama sita. Mraba wa alama sita una dakika 5 za longitudo na 2.5 za latitudo, ambao karibu na ikweta ni kama kilomita 9 kwa 4.6, hivyo herufi moja ikikosewa umbali wote unakosewa. Hakiki lokata yako kwa GPS kila unapohama, hata ukihama mita mia tano, kwa sababu mpaka wa mraba unaweza kuwa katikati ya kilima. Mashindano ya Kanda ya 1 hupokea faili la EDI (muundo wa logi za mashindano). Andika pia kwenye karatasi, kwani kompyuta huishiwa chaji kabla ya redio. Stesheni uliyoisikia bila kupata lokata yake kamili hewani haiingii kwenye hesabu, hata kama unajua hasa ilipo.